Msaidizi wa Printa

Dirisha jekundu lilifunguka tena kabla Inspekta hajainua mkono kutoka kwenye kipanya.

KOMPYUTA YAKO IMESHAMBULIWA. VIRUSI HATARI VIMEPATIKANA. USIZIME MASHINE. PIGA NAMBA HII SASA HIVI.

King'ora kikafuata, kikajaza sebule nzima. Paka aliyekuwa amejikunja kwenye kochi aliondoka bila kuangalia nyuma.

"Si umesema umeshaitoa," alisema Mkunga.

"Nimeitoa, mama."

"Basi imerudi kuaga."

Inspekta alichomoa waya wa spika. Kimya kilichofuata hakikumtuliza. Tangu alipoingia humo ndani alikuwa akiketi na kuinuka, akiketi na kuinuka, mpaka Sajini wake, mtu mnene na mpole aliyesimama mlangoni, akasogeza stuli kando asije akajikwaa.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mkunga, kwa kuwa nusu ya mtaa ilipitia mikononi mwake. Alipostaafu wanawake waliendelea kumjia, ila sasa hawakuja kujifungua. Walikuja na jicho lililovimba, au mkono uliofungwa kwa kipande cha shuka. Yeye na wenzake wachache wakatafuta nyumba za kuwaficha. Nyumba hizo zilijulikana na yeye pamoja na walezi waliozitunza tu, na mawasiliano yote yalipita kwenye kompyuta hii kongwe iliyokaa juu ya meza ya chakula.

Jana mwanamume mmoja alikuwa amefika kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Mkewe, mshonaji nguo, alikuwa amemkimbia na mtoto wao mdogo baada ya kuvunjwa mbavu, na mahakama ilikuwa imempiga mume marufuku kumkaribia. Mshonaji aliposikia sauti yake aliruka ukuta wa nyuma, mtoto mgongoni. Sasa wote wawili walikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Mtoto alikuwa amegoma kula, na mkuu wa kituo alikwishapiga simu mara kadhaa kuuliza watakaa pale hadi lini.

"Hakumuuliza mtu yeyote," Inspekta alimwambia Sajini. "Majirani wote wamesema hivyo. Mtu anayetafuta hubisha hodi hapa, akaulizia pale. Huyu alishuka garini, akaipita milango mingine yote, akagonga ule ule. Alikuwa anajua."

"Na aliyemwambia ni hili dude," alisema Mkunga, akiielekezea kompyuta kidevu.

"Huenda."

Inspekta alianza upya. Alichomoa waya wa intaneti. Akaiwasha mashine katika hali salama, ile ambayo huamka na vitu vyake vya lazima tu, kama mtu anayetoka nyumba inayoungua bila kutafuta viatu. Akaifuta programu iliyojiita Mlinzi Hodari, ambayo Mkunga aliapa hakuiweka. Akaingia kwenye kivinjari, akaondoa nyongeza zilizojipachika pembeni, akazifutia tovuti zote ruhusa ya kutuma arifa. Akaiwasha tena kwa kawaida, akarudisha waya.

Mambo yakawa shwari kwa muda wa kuchemsha birika. Kisha skrini ikawa nyekundu.

"Nakata majani, mzizi uko palepale," alisema Inspekta. "Kuna kitu kinairudisha."

Alichukua simu yake, akaiweka kwenye sauti ya wazi na kupiga namba iliyokuwa kwenye dirisha. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla, na Sajini akageuza uso ukutani asicheke.

"Karibu kitengo cha usalama wa kompyuta," alijibu kijana mwenye ulimi laini. "Poleni na matatizo."

"Ahsante, mwanangu. Mashine yangu inalia."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitakuelekeza uniruhusu niingie, nisafishe, kisha utanisomea namba za kadi yako ya benki."

"Lakini si mnanijua? Mna habari zangu zote hapo."

"Ndiyo, mama, tunakujua vizuri sana." Kijana akasita. "Jina lako nani tena?"

Inspekta alikata simu. Alikuwa ameshasimama, anatembea kati ya meza na dirisha la nyumba.

"Hawa ni matapeli wa kawaida. Wanatupa nyavu popote. Mtu anayesoma barua zako, mama, hakuulizi jina lako."

"Kwa hiyo siyo hawa?"

"Hawa wanapiga kelele ili uwaangalie. Anayekusoma hataki uangalie kabisa. Nani mwingine ameigusa hii kompyuta?"

Mkunga hakuhitaji kufikiri. "Fundi Betri. Nilipotoka hospitali kutibiwa macho niliikuta inasuasua, nikamwita. Na haya madirisha mekundu yalianza baada ya yeye kuondoka. Halafu, mwanangu, unajua duka lake liko wapi? Limepakana ukuta na duka la mume wa Mshonaji."

Mume wa Mshonaji alikuwa fundi wa kamera za ulinzi, mtu wa waya na mitambo. Sajini alikuwa ameshavaa kofia.

Mlango wa jikoni ulifunguka, akaingia mdogo wake Mkunga na sinia la chai. Watu walimwita Mama Mdogo, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mwenye sura ya huruma, aliyezoea kutembea polepole kana kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

"Hamtakunywa hata kidogo?" aliuliza alipoona wanaondoka. "Na yule binti na mwanawe, wameshapata pa kulala?"

"Bado, Mama Mdogo," alijibu Inspekta. "Tunahangaika."

* * *

Duka la Fundi Betri lilikuwa jembamba kiasi kwamba Sajini aliingia kwa ubavu. Kibodi za zamani zilirundikwa hadi darini. Fundi mwenyewe alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, anatafuna karanga.

"Kompyuta ya Mkunga," alisema Inspekta.

"Mkunga gani, afande?"

"Yule aliyekutoa tumboni kwa mama yako," alisema Sajini. "Yupo mwingine?"

Fundi aliacha kutafuna.

"Uliiwekea nini?" aliuliza Inspekta.

"Programu ya kuzuia virusi."

"Halali?"

"Ilikuwa... ya kusaidiana. Kuna mwenzangu aliifungua kufuli, akaigawa. Kila mtu anaitumia."

"Kila mtu ana dirisha jekundu?"

Fundi Betri alijikuna shingo. "Wameanza kulalamika," alikiri. "Nilijua baadaye kwamba mle ndani kuna mdudu. Kufuta tu haisaidii. Amejiandika kwenye ratiba ya mashine, pale zinapopangwa kazi za kujiendesha. Amejiita Sasisho. Kila ukiwasha mashine anashusha programu yake upya."

"Na jirani yako wa kamera? Mnaelewana?"

"Tunaazimana ngazi."

"Alishawahi kukuuliza habari za Mkunga?"

Fundi aliangalia ukuta uliowatenganisha na duka la pili, kisha akashusha sauti. Upande wa pili kulikuwa kimya, na kufuli lilikuwa mlangoni. Inspekta alikuwa ameliona walipokuwa wanaingia.

"Aliniuliza," alisema Fundi. "Alitaka nimwekee kitu kwenye mashine ya mama. Kitu kidogo tu, alisema, cha kuangalia. Nikamwambia siwezi. Mimi ni mtundu, afande, lakini yule mama amenikata kitovu."

"Alikuuliza lini?"

"Kabla mama hajaenda hospitali. Sikuwa hata nimeitwa kutengeneza."

"Akakuuliza tena baadaye?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Na hukumwambia Mkunga."

"Nilifikiri yamekwisha. Kisha nikaja kuweka ile programu yangu, yakatokea haya madirisha, nikaona nikifungua mdomo nitaulizwa na yangu."

Inspekta alikuwa akizungusha bisibisi aliyoiokota mezani, mbele, nyuma, mbele. Mtu aliyetaka kitu vile, akakataliwa mara moja, na hakurudi kubembeleza. Alikuwa amekata tamaa, au alikuwa amepata mlango mwingine.

"Kuna jingine uliloliona kwenye hiyo mashine?"

"Ilikuwa nzito hata kabla sijaigusa. Kulikuwa na kitu kinaitwa Msaidizi wa Printa, kinakula nguvu muda wote. Nikamwambia mama, kama huchapishi, chomoa printa yako. Akanicheka. Akaniambia tangu azaliwe hajawahi kumiliki printa."

Bisibisi ililia juu ya meza. Inspekta alikuwa ameshafika barabarani.

* * *

Ile kazi ya Sasisho aliipata palepale alipoelekezwa, ndani ya ratiba. Aliifuta, akamfuta tena Mlinzi Hodari, akaizima mashine na kuiwasha. Mkunga alikaa mikono mapajani, ametega sikio, kama alivyokaa maisha yake yote akisubiri mtoto alie. Birika lilichemka jikoni, likaepuliwa. Skrini ilibaki na picha yake ya maua.

"Imekufa," alisema Mkunga.

"Hiyo ya kelele imekufa. Sasa nipishe kidogo, mama, nimtafute mkimya."

Msaidizi wa Printa alikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyoamka pamoja na mashine. Inspekta alifungua dirisha linaloonyesha ni programu gani inazungumza na nje, akaliweka upande mmoja wa skrini.

"Andika chochote."

"Niandike nini?"

"Habari za leo. Chochote."

Mkunga aliandika kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayeua mchwa. Kila alipomaliza sentensi, mstari wa Msaidizi wa Printa ulishtuka, ukatuma kitu, ukalala. Aliandika tena. Ukashtuka tena.

"Ndiye huyo," alisema Sajini taratibu.

Inspekta aliifuata ile programu hadi kwenye kabrasha lake, lililofichwa ndani ya makabrasha mengine. Humo kulikuwa na picha. Hazikuwa picha za watu, zilikuwa picha za skrini yenyewe: barua za Mkunga, majibu ya walezi, kila alichokuwa amekifungua. Nyingi zilikuwa zimeshafutwa baada ya kutumwa, lakini kulikuwa na fungu dogo la zamani ambalo halikuwahi kuondoka. Inspekta alisoma tarehe zake.

"Wiki ile uliyokuwa hospitali, intaneti ilikuwepo hapa nyumbani?"

"Bando lilikuwa limekwisha. Nililipia niliporudi."

"Ndiyo maana zilikwama."

Alifungua ya kwanza kabisa. Ilipigwa dakika ile programu ilipozaliwa, kwa hiyo ilinasa kilichokuwa kwenye skrini wakati huo, na kilichokuwepo ni kabrasha la flashi lililofunguliwa, limejaa picha za mtoto mchanga. Mtoto kwenye beseni la kuogea. Mtoto amelala kifuani mwa mtu. Mtoto amekaa mbele ya pazia la maua ya njano.

Mkunga alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu ni mtoto wa Mshonaji," alisema. "Hapa hana hata jino. Na hilo pazia amelishona mwenyewe mama yake, aliniambia, ndicho kitu pekee anachokikumbuka kwa uzuri kwenye nyumba ile."

"Mshonaji aliondoka na picha?"

"Aliondoka na mtoto na nguo aliyovaa. Hata simu aliiacha."

"Basi picha alikuwa nazo baba tu. Mtu alizileta hapa kwa flashi, akaichomeka, na pamoja na picha akaingia huyu." Inspekta aliinuka, akaketi, akashusha sauti. "Mama, ulipokuwa hospitali nani alilala humu ndani?"

Mkunga alivua miwani. Akaanza kuifuta kwa ncha ya gauni lake, akaifuta, akaendelea kuifuta. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya vijiko vikioshwa kimoja kimoja.



* * *

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata mnachokitafuta?"

"Tumeondoa lile dirisha jekundu. Lilikuwa limeletwa na Fundi."

"Afadhali," alisema Mama Mdogo, na mabega yake yakashuka. "Lilikuwa linamkosesha dada usingizi."

Inspekta aliegemea fremu ya mlango. "Wewe huwa unaitumia ile kompyuta?"

"Mimi? Hata pa kuwashia sipajui."

"Hata kuangalia picha?"

Kijiko kilisimama ndani ya maji.

"Picha gani?"

"Zozote tu."

"Hapana, mwanangu."

Inspekta aliomba maji ya kunywa. Akanywa yote, akashukuru, akarudi sebuleni na kufunga mlango nyuma yake. Sajini alimtazama kama mtu aliyeona mpira ukiachwa mbele ya goli tupu.

"Amedanganya," alinong'ona.

"Najua."

"Na unamwacha?"

"Nikimbana sasa atalia, na akishalia atampigia simu yule bwana, naye atapotea. Leo duka lake limefungwa, nyumbani hayupo. Sitaki kumtafuta. Nataka aje."

Mkunga alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, mkono mmoja umeshika waya wa umeme.

"Toa hicho kitu," alisema. "Kitoe sasa hivi, au naing'oa hii mashine naitupa nje."

"Hapana, mama. Tunakiacha."

"Unakiacha kinitazame?"

"Kinaona unachotaka kionyeshwe. Mpaka sasa hajui kwamba tunajua. Wewe utamwandikia mlezi mmoja, kama kawaida yako, kwamba kesho asubuhi Mshonaji na mtoto watakuwa kwenye nyumba nitakayokutajia. Mlezi nitampigia mimi, aelewe. Mshonaji hatasogea karibu na hapo."

Mkunga aliangalia mlango wa jikoni.

"Na yeye?"

"Asisikie neno. Hata moja."

"Nilale naye nyumba moja, nile naye sahani moja, na nikae kimya?"

"Mpaka kesho tu."

Mkunga aliketi. Alisema hajawahi kuandika uongo kwenye mashine ile, na Inspekta akamwambia aandike kama vile ni kweli. Vidole viwili vikaanza kupiga. Aliandika mtaa, rangi ya mlango, saa ya kufika. Mwishoni akaongeza kwamba mtoto ana kikohozi, apewe maji ya uvuguvugu na asilazwe karibu na dirisha.

"Hilo sijakwambia," alisema Inspekta.

"Kila mara huwa naongeza. Nisipoongeza atajua si mimi."

Mstari wa Msaidizi wa Printa ulishtuka, ukatuma, ukalala.

* * *

Nyumba ilikuwa ya polisi, ya vyumba viwili, tupu tangu aliyekuwa akiishi humo ahamishwe kazi. Inspekta alianika nguo za mtoto kwenye kamba ya nje, suruali ndogo, fulana, soksi. Ndani aliwasha redio kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya barabara Sajini aliinama chini ya boneti ya gari bovu, tumbo limebanwa na bampa, akijifanya kulitukana.

Kungoja kulimchosha Inspekta kuliko kukimbia. Alihesabu vigae, akaacha. Akasogeza pazia, akalirudisha. Alimpigia askari wa kike aliyekuwa na Mshonaji kituoni, akaambiwa mtoto amekula uji hatimaye, nusu bakuli. Mtu wa mkate alipita na baiskeli. Mwanamke alipita akizozana na simu. Kisha gari la kijivu likapita polepole mno, likaishia kona, likarudi na kusimama.

Mlango uliofunguka haukuwa wa dereva.

Aliyeshuka alikuwa Mama Mdogo. Alinyoosha gauni, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akavuka uwanja kwa mwendo wake ule ule wa polepole. Alipofika kwenye kamba aligusa soksi moja ya mtoto kwa vidole, kuona kama imekauka.

"Hodi," aliita mlangoni. "Mwanangu, ni mimi. Fungua, usiogope."

Inspekta alifungua.

Mama Mdogo hakupiga kelele. Alirudi hatua moja, akaweka mkono mdomoni. Nyuma yake gari la kijivu lilinguruma kutaka kurudi nyuma, lakini Sajini alikuwa ameshalifikia, na gari la polisi lilikuwa limeziba kona. Mume wa Mshonaji alizima injini mwenyewe. Alikuwa mwanamume msafi, shati limepigwa pasi, na alishuka akitabasamu.

"Kuna kosa gani, afande? Nimemsindikiza mama."

"Mahakama ilikukataza kumsogelea mkeo," alisema Inspekta.

"Sijui alipo. Mama ndiye aliyenileta hapa. Muulize."

Inspekta alimgeukia Mama Mdogo. "Dada yako alikwambia kuhusu nyumba hii?"

"Hajaniambia kitu tangu jana. Hata chakula hakula." Mama Mdogo aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Ni wewe," alimwambia yule mwanamume. "Wewe ndiye uliyenipigia alfajiri. Ulisema dada amekupa anwani. Ulisema amekusamehe, ila anaona aibu kuniambia."

Tabasamu liliondoka usoni mwa yule bwana taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

Mama Mdogo alieleza palepale, amesimama kwenye jua, bila kuulizwa. Yule bwana alikuja nyumbani siku moja Mkunga akiwa hospitali. Alilia kama mtoto. Alisema hataki ugomvi, anachotaka ni mkewe akumbuke tu walikotoka, na Mkunga ndiye anayejua pa kumfikishia hizo picha. Akampa flashi. Akamwonyesha kwenye karatasi pa kuchomeka, na akamwambia mashine ikiuliza chochote abonyeze Ndiyo.

"Nikabonyeza," alisema. "Nikaona picha, mtoto anacheka. Nikafurahi. Juzi alipokwenda pale alisema alitaka kuomba msamaha, wakamfukuza kabla hajafungua mdomo. Leo akasema akiniona mimi kwanza, hatakimbia."

"Kwa nini hukumwambia dada yako?"

"Dada hapatanishi watu. Dada anawatenganisha. Nilitaka mtu mmoja awapatanishe."

Sajini alikuwa amefungua buti la gari. Alisimama akaangalia ndani, akamwita Inspekta kwa kichwa. Mama Mdogo akawafuata, na hakuna aliyemzuia.

Kulikuwa na begi jipya, zipu wazi. Nguo za mtoto, zimekunjwa vizuri. Viatu vya mtoto, blanketi la mtoto, chupa ya maziwa. Mama Mdogo aliingiza mkono akazipekua hadi chini, akitafuta. Nguo ya mwanamke haikuwemo hata moja.

Chini ya begi kulikuwa na turubai, na juu ya turubai koleo jipya la kuzolea udongo, lebo ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini.

"Koleo la nini?" aliuliza Mama Mdogo.

Yule bwana alitazama upande wa barabara.

"La nini?" alisema, akimgeukia Sajini. Sajini alifunga zipu ya begi. Mama Mdogo alishika ukingo wa buti, kisha akaketi chini kwenye vumbi, na gauni lake alilolinyoosha vizuri likamkunjamana magotini.

* * *

Jioni Inspekta alirudi kwa Mkunga na bisibisi na diski mpya. Ile ya zamani aliitoa, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akauandika na kuufunga. Msaidizi wa Printa angekwenda mahakamani akiwa mzima. Kwenye diski mpya alipandikiza kila kitu upya kutoka mwanzo, bila kurudisha hata faili moja la zamani. Alimwelekeza Mkunga namna ya kukubali masasisho ya kweli, na kwamba dirisha lolote linalomwambia apige simu alifunge tu, na kwamba Fundi Betri asiiguse tena mpaka aitwe na kusimamiwa. Mshonaji na mwanawe walikuwa wameshaondoka kituoni. Walikokwenda aliambiwa mtu mmoja tu, kwa mdomo.

Mama Mdogo alikuwa ameandika maelezo yake polisi na kurudishwa nyumbani kusubiri kuitwa kama shahidi. Alikuwa ameketi pembeni kabisa ya kochi. Tangu aingie, dada yake hakuwa amemwambia jambo.

"Inataka neno la siri," alisema Inspekta. "Chagua gumu. Liandike mwenyewe, mimi nisilione."

Akageuka akaangalia ukutani. Mkunga aliinua vidole vyake viwili juu ya kibodi, akavisimamisha hewani.

"Toka nje kidogo," alisema.

Inspekta alijua si yeye aliyeambiwa. Kochi likalia. Nyayo za polepole zilivuka sebule, mlango ukafunguka, ukafungwa.

Vidole vikapiga, vikasita, vikapiga tena kurudia neno lile lile. Mashine ikakubali, ikafungua skrini safi isiyo na kitu. Mkunga aliitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Nenda kamwite aingie," alisema. "Nje kuna baridi."